Mkaa wa Maskini na Makaa ya Matajiri

Mwaka jana, kabla mvua hazijaanza, tuliitwa mkutanoni chini ya mti ulio karibu na barabara hapa Kolo. Aliyekuja kutuhutubia alikuwa mtu wa mjini, mwenye cheo ambacho sitakitaja, aliyefika kwa shangingi jeupe pamoja na wasaidizi wawili. Alizungumza kwa muda wa saa nzima. Alitueleza kuwa mkaa unamaliza misitu, unakausha vyanzo vya maji, unawaua akina mama kwa moshi, na kwamba mchoma mkaa ni adui wa taifa. Mengi aliyoyasema yalikuwa ya kweli, nasi tukampigia makofi kama ilivyo ada. Mkutano ulipokwisha, dereva wake alisogea hadi kwa mama mmoja aliyeketi pembeni, akamwuliza kwa sauti ya chini gunia ni kiasi gani. Yule mama alimtazama, akajibu, "Mwanangu, si mmetuambia hakuna mkaa?" Watu wakacheka, na dereva naye akacheka. Dakika kumi baadaye magunia mawili yalikuwa nyuma ya gari, yamefunikwa turubai, na wageni wetu wakashika njia ya Dodoma.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilijiona mwenyewe ndani ya gari lile. Nilifundisha shule Dodoma mjini kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo nilinunua mkaa gunia baada ya gunia, wala sikuuliza hata siku moja ulikotoka. Bei niliijua, mti sikuujua. Nilipostaafu na kurudi nyumbani ndipo nilipokutana na tanuri ana kwa ana. Kwa hiyo haya ninayoyaandika si mashitaka ya mtu asiyehusika. Ni maneno ya mnunuzi.

Ninalotaka kusema ni hili. Nchi inayotaka kuachana na mkaa haina budi kwanza kumpatia mpishi moto mwingine, na kumpatia mchomaji riziki nyingine. Marufuku huja mwisho, kama kufuli linalofungwa baada ya watu kuhama nyumba. Sisi tumezoea kuanza na kufuli. Tunafunga mlango watu wakiwa ndani, kisha tunashangaa wakitokea dirishani.

Nisije nikaeleweka vibaya, nakiri mapema kuwa mkaa ni hasara. Nimekaa karibu na tanuri nikaona kazi yake. Miti hukatwa, magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani mabichi na udongo, kisha moto hutiwa upande mmoja. Tangu hapo mchomaji halali usingizi wa kueleweka, kwani udongo ukipasuka usiku na hewa ikiingia, asubuhi atakuta majivu. Anazunguka na jembe akiziba matundu, macho yamewiva kwa moshi, hata wiki moja au zaidi. Mwisho wa taabu yote hiyo, katika kila kilo 10 za kuni kavu atapata kilo 1 au 2 za mkaa. Nguvu kubwa ya mti imepaa angani kabla sufuria haijawekwa jikoni. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema huu ndio mpango bora wa kutumia msitu.

Na hasara si ya mti peke yake. Takwimu zinazotajwa na Serikali zinasema Watanzania wapatao 33,000 hufariki kila mwaka kwa magonjwa yanayotokana na moshi wa kuni na mkaa majumbani, na kwamba nchi hupoteza misitu ya hekta 469,000 hivi kwa mwaka, ingawa sehemu kubwa ya hekta hizo huliwa na mashamba mapya pia, si mkaa tu. Sina ugomvi na takwimu hizi. Ugomvi wangu ni juu ya nani anayeletewa hesabu yake.

Tumwangalie huyo adui wa taifa ni nani. Hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Ikinyesha vizuri, tunavuna mahindi, mtama, uwele na alizeti, na matanuri huwa machache. Ikikatika mapema, kufikia Septemba ghala ni tupu na mtoto anadaiwa sare na madaftari. Benki haimjui mama yule wa magunia. Bima ya mazao kwake ni neno la redioni. Lakini kuna mti, kuna shoka, na kuna barabara ya lami inayopita mlangoni kutoka Babati hadi Dodoma. Kwake mkaa ni akiba ya dharura, ndiyo benki ya mlalahoi, na mnunuzi yuko tayari kusimamisha gari wakati wowote. Huyu hachomi mkaa kwa sababu hajaelimishwa. Anajua kuliko mhutubu ni mti gani umekwisha, maana zamani aliukata nyuma ya nyumba na leo anaufuata mwendo wa saa mbili.

Mnunuzi je? Dodoma ya leo si ile niliyofundisha. Serikali ilipohamia kwa dhati kuanzia mwaka 2016, na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, watu waliongezeka, nyumba zikaongezeka, na kila mahali pakawa na mama lishe, vibanda vya chipsi na majiko ya nyama choma. Ofisi zilikuja na ramani zake. Sufuria za watu wa ofisi hizo zilikuja bila ramani. Hakuna aliyekaa na kuuliza, watu wote hawa watapikia nini? Jibu lilijitafuta lenyewe, likapanda barabara ya kaskazini hadi kwetu. Ndiyo maana nasema aliyekata mti wa Kolo ana mikono miwili: mmoja umeshika shoka, mwingine umeshika pochi. Sheria yetu inauona ule wa shoka tu.

Na Kolo si mahali pa kufundishwa hasara ya kuharibu ardhi. Tumekwisha kuionja. Milima ya Irangi iliwahi kuwa mfano wa kutisha wa mmomonyoko. Tangu enzi za Mwingereza maofisa walikuwa wakihangaika na makorongo ya Kondoa. Mwaka 1973 Serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO. Mwaka 1979 ikaamriwa kwamba mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika zaidi la Kondoa, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, maelfu kwa maelfu, walitolewa milimani. Haikuchukua miaka mingi nyasi zikarudi, visiki vikachipua, na mchanga uliokuwa ukishuka kwenye makorongo ukapungua. Wataalamu walikuja kutoka nchi za mbali kuitazama ardhi iliyopona, na wakaandika vitabu.

Walikuwa na haki ya kuandika, maana ardhi ilipona kweli. Lakini vitabu vingi huanza na udongo na kumalizia na udongo. Mwenye ng'ombe alipoteza maziwa ya watoto, samadi ya shamba, punda wa kubebea maji, na mali ya kulipia mahari, vyote kwa amri moja. Wengine waliwafuata ng'ombe wao tambarare na hawakurudi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo ufugaji wa ndani wa ng'ombe wachache wa maziwa ulipoanza kuingizwa, yaani dawa ilifika miaka takriban kumi baada ya kisu. Kutokana na historia hiyo mimi hupata mafunzo mawili, wala siyatenganishi. La kwanza, ardhi yetu ikipumzishwa hupona, kwa hiyo hakuna sababu ya kukata tamaa juu ya misitu. La pili, faida ya kupona ilikuwa ya taifa zima, hata ya dunia, lakini gharama ilikuwa ya watu wa milima michache. Tukirudia mtindo huohuo katika mkaa, itakuwa tumesoma nusu ya somo.

Marufuku ya mkaa nayo si ngeni. Januari mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa nchini. Msomaji mwenye kumbukumbu atakumbuka hali ilivyokuwa: nchi ilikuwa katika ukame mkali, na mwaka huohuo maji yalipopungua katika bwawa la Mtera na mabwawa mengine tuliingia katika mgao wa umeme. Mtu wa mjini aliambiwa aache mkaa katika mwaka ambao hata taa haikuwa na uhakika wa kuwaka. Mkaa haukutoweka. Ulijificha, na ulipojificha ukapanda bei. Baada ya wiki mbili hivi marufuku ililegezwa. Aliyefaidi ni yule mfanyabiashara aliyekuwa na shehena ghalani. Aliyeumia ni mama wa Manzese au Chang'ombe anayenunua kwa kopo. Na msitu? Msitu haukupata kitu, kwa kuwa wiki mbili si umri wa mti.

Watu husema sisi maskini ndio hatujui kupanga, wenzetu wa viwanda ndio wenye mipango. Na twende kwao basi, maana nao wana mkaa wao, ule uchimbwao ardhini, makaa ya mawe, ambao umeendesha viwanda vyao tangu enzi za injini za mvuke.

Uchina ndiyo nchi kubwa ya viwanda leo, na yenyewe peke yake huchoma zaidi ya nusu ya makaa ya mawe yote ya dunia. Mwaka 2017, kwa nia njema ya kupunguza moshi ulioifunika Beijing na mikoa ya jirani, serikali yake iliagiza mamilioni ya kaya za kaskazini ziache majiko ya makaa na kutumia gesi au umeme. Maofisa wa chini, wakiogopa kushindwa kutimiza malengo, wakang'oa majiko hata mahali ambapo mabomba ya gesi yalikuwa hayajafika. Baridi ikaja. Katika wilaya ya Quyang, mkoani Hebei, watoto wa shule walitolewa nje kusomea juani kwa sababu ndani ya darasa kulikuwa na baridi zaidi. Desemba mwaka huo wizara ya mazingira ya nchi ile ilibidi itoe barua: pale ambapo kazi haijakamilika, watu waruhusiwe kuchoma makaa. Dola lenye nguvu kiasi kile, lenye viwanda vya kutengeneza kila kitu, lilisalimu amri mbele ya jambo dogo ambalo mama wa Kolo angelisema bure: usizime moto wa mtu kabla hujampa mwingine.

Ujerumani ilichukua njia nyingine. Mwaka 2020 bunge lake lilipitisha sheria ya kuacha makaa ya mawe ifikapo mwaka 2038. Angalia muda huo: miaka 18. Angalia na fedha: hadi yuro bilioni 40 zilitengwa kwa ajili ya mikoa inayotegemea makaa, na kampuni mbili kubwa za makaa, RWE na LEAG, zikaahidiwa fidia ya yuro bilioni 4.35 baina yao. Yaani tajiri akiacha kuchafua hulipwa, na hupewa miaka ya kujiandaa. Hata hivyo, vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 na gesi ya Urusi ikapungua, mitambo ya makaa iliyokuwa imepumzishwa iliwashwa tena. Januari mwaka 2023 polisi waliwaondoa kwa nguvu vijana waliokuwa wakizuia kijiji cha Lützerath kisibomolewe ili makaa yachimbwe. Nchi ile haikuitwa adui wa dunia. Ilisemwa kuwa iko katika mazingira magumu, na inahitaji muda.

Na makaa mengine yalitoka wapi katika dhiki ile? Yalitoka kwetu pia. Mwaka 2022 makaa ya mawe ya Ruvuma yalisafirishwa kwa malori hadi bandari ya Mtwara, bandari tuliyoizoea kwa korosho, na meli zikayapeleka hadi Ulaya. Siwalaumu Wamatengo na Wangoni kwa kupata ajira, wala siilaumu Hazina kwa kupata fedha za kigeni. Ninachoomba ni haki katika maneno. Lori la makaa ya mawe liendalo Mtwara huitwa fursa. Baiskeli ya mkaa wa miti iendayo Kondoa mjini huitwa uhalifu. Vyote viwili ni hewa chafu, na vyote viwili ni riziki ya mtu. Tofauti ni kwamba mmoja ana kampuni na mwingine ana pampu ya baiskeli.

Msomaji ataniuliza, je, unataka nasi tuendelee kuchoma kwa kuwa wao wanachoma? La hasha. Kosa la jirani haliponyi ugonjwa wangu. Nataka tujifunze kwao yote mawili, aibu ya Quyang na subira ya Ujerumani. Mchomaji mkaa wa Kondoa hahitaji yuro bilioni 40. Lakini anastahili kanuni ileile: apewe muda unaojulikana, na apewe kitu mkononi.

Sasa nije kwenye sera yetu ya leo, na nianze kwa kuisifu panapostahili. Mei mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo. Tarehe 14 ya mwezi huohuo alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya jambo hilo barani Afrika. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikwisha kuagizwa ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Hili la kuanza na taasisi ni sahihi kabisa. Na kwa mara ya kwanza tangu nipate akili, nimesikia wakubwa wakizungumza juu ya figa la mama kama wanavyozungumza juu ya reli na mabwawa. Si jambo dogo.

Lakini asilimia 80 itahesabiwaje? Hapa ndipo hofu yangu ilipo. Nina jirani mjane aliyepata mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6. Aliutumia, ukaisha. Leo mtungi ule uko kwenye kona ya chumba chake, umefunikwa kitambaa cha kufuma, safi kama pambo la sebule. Kuujaza kunataka zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, na nauli ya bodaboda ya kuupeleka na kuurudisha. Yeye hapati 20,000 kwa mkupuo ila wakati wa mavuno. Mkaa anaupata kwa kopo, kama anavyonunua mafuta ya kula kwa kipimo na sukari kwa robo. Maskini hununua moto wa siku moja. Nilipomwuliza kwa nini asiuze mtungi, aliniambia, "Mwalimu, wakija kuhesabu wasiukute?" Katika daftari la mtu fulani mama huyu amekwisha kuhamia nishati safi. Jikoni kwake bado kuna moshi.

Tena gesi hiyo ya mitungi huagizwa kutoka nje, ikipanda huko inapanda hapa. Gesi yetu wenyewe, iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na ambayo bomba kutoka Mtwara lilianza kuifikisha Dar es Salaam kwa wingi mwaka 2015, inazalisha umeme na kuendesha viwanda. Kijiji cha Kondoa hakioni bomba lake. Upande wa umeme, bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lilikamilisha mitambo yake yote tisa mwaka 2025, megawati 2,115, na nguzo zimefika karibu vijiji vyote vya Bara. Ni kazi kubwa. Hata hivyo kijiji kufikiwa na nguzo na sufuria kufikiwa na umeme ni habari mbili tofauti. Kaya nyingi zina taa mbili na chaji ya simu. Jiko la umeme lenye kupika maharage kwa gharama ndogo lipo madukani, lakini bei ya kulinunua ni mtaji wa mtu.

Nimesikia hoja kwamba bila marufuku hakuna atakayebadilika. Nakubali nusu. Marufuku ianzie kwa anayeweza kubadilika bila kulala njaa: hoteli, baa, ofisi, nyumba za wenye mishahara kama niliokuwa nao mimi. Shangingi likikamatwa na magunia mawili, na mwenye shangingi akatozwa faini hadharani, mkutano mmoja wa namna hiyo utafundisha kuliko mikutano mia chini ya miti. Kumnyang'anya mama gunia kizuizini ni rahisi, ndiyo maana hufanywa. Nimewahi kushuhudia kizuizi kimoja ambapo baiskeli tatu zilizuiwa asubuhi na lori moja likapita jioni. Wanaolinda msitu namna hiyo wanalinda lori.

Wengine husema kuruhusu mkaa wowote ni kutia saini hukumu ya msitu. Hao nawaomba watazame Kilosa. Kuanzia mwaka 2012, vijiji vya huko vilisaidiwa na mashirika ya uhifadhi kutenga sehemu ndogo ya misitu yao kwa ajili ya mkaa, ikagawanywa vitalu, na kitalu kikivunwa kiachwe kichipue kwa miaka 24. Ushuru uliingia katika mfuko wa kijiji, ukajenga madarasa na nyumba za walimu. Mwanakijiji aliyeona darasa limetoka msituni huulinda msitu bila bunduki. Simaanishi kuwa Kilosa ni pepo, wala misitu yetu mikavu ya Kondoa haifanani na ya kwao. Nasema tu kuwa panapo mwenyewe, mti una mlinzi. Pasipo mwenyewe, mti una shoka.

Kwa hiyo, kama ningepewa dakika tano mbele ya wakubwa, ningeomba mambo manne. Kwanza, ruzuku iende kwenye kujaza mtungi na kwenye jiko la umeme, kama ilivyokwenda kwenye mbolea tangu msimu wa 2022/23, na gesi iuzwe kwa kipimo cha siku kama mkaa unavyouzwa. Pili, ushuru wa mkaa unaoingia jijini urudi kijijini ulikotoka, uonekane, upandishe miti na ulipe ada za watoto wa wachomaji. Tatu, tarehe ya mwisho itajwe kwa kila eneo baada ya mbadala kufika, wala si kabla, na mwenye kuthibitisha kuwa umefika awe mpishi mwenyewe. Nne, kaya ihesabiwe kuwa na nishati safi kwa mtungi uliojazwa mara ya tatu na ya nne, si kwa mtungi uliogawiwa.

Juu ya kijiji chetu yako majabali ya Mungomi wa Kolo, penye michoro ya kale ambayo tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni hupanda kuitazama, na wazee wetu bado hupanda kuomba mvua. Nilipanda huko juzi. Ukisimama pale unaona bonde lote chini, milima iliyopona tangu mifugo ilipoondoka, na hapa na pale uzi wa moshi wa tanuri. Nilihesabu nyuzi sita. Miaka ile nikiwa Dodoma na gunia langu jikoni, huenda mmoja wao ulikuwa wangu.

Yule mama wa magunia nilimkuta njiani nikishuka. Tuliamkiana, nikamwuliza kama ataacha mkaa. Akasema ataacha mwaka ambao mvua itanyesha vizuri na mnunuzi hatapita. Mvua ni ya Mungu. Mnunuzi ni sisi.